Mzee Mwenye Bahasha ya Kaki

Mazungumzo ya redio ya kipindi cha asubuhi, yaliyotolewa na kasisi wa Kianglikana wa Isiolo. Somo: Wafilipi 1, mstari wa 19 hadi wa 26.

Asubuhi hii nataka kusema hasa na wanaume, na zaidi wale waliokwisha kupita miaka hamsini. Akina mama, tafadhali msifunge redio. Mtaona mbele kwamba maneno haya yanawahusu sana, pengine kuliko sisi.

Jambo lenyewe huwa hatulitaji kanisani. Husema tu kwamba baba fulani ana shida ya mkojo, kisha hushusha sauti na kugeuza mazungumzo. Leo nitalitaja kwa jina lake: saratani ya tezi dume. Hapa Kenya ndiyo saratani inayowapata wanaume wengi kuliko saratani nyingine yoyote. Tezi hiyo ni ndogo, haifikii ukubwa wa ndimu, nayo iko chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo. Kila mwanamume anayo. Katika uzee hukua hata pasipo saratani yoyote, kwa hiyo si kila mzee anayeamka mara nne usiku ana ugonjwa huu. Lakini wako walio nao, na wako wanaonisikiliza sasa hivi ambao wamekwisha kuambiwa, na hawajamwambia mtu.

Ninyi ndio niliowajia. Wala sikuja kufundisha udaktari. Nimekuja kwanza kuungama.

Miaka michache iliyopita mzee mmoja wa kanisa letu alinijia nyumbani jioni. (Mjane wake ameniruhusu kulisimulia jambo hili, mradi nisitaje jina.) Alikuwa mtu wa mifugo tangu utoto. Husimama katika soko la mifugo la hapa Isiolo, akamtupia fahali jicho moja tu, akakutajia bei yake, nawe huwezi kubisha. Mkononi alishika bahasha ya kaki. Mke wangu hakuwapo, basi mke wake, ambaye alifuatana naye, akaenda jikoni kutupikia chai kama alivyozoea. Chai ilipokuja mzee akaikataa. Hapo ningalijua kwamba kuna neno, maana mzee huyu hakuwahi kukataa chai nyumbani kwangu.

Ndani ya bahasha mlikuwamo majibu yake ya hospitali. Kipimo cha damu kiitwacho PSA kilikuwa juu sana. Vipande vidogo vya nyama vilivyotolewa katika tezi vilionyesha saratani, na picha zilionyesha kwamba imekwisha kutoka nje ya tezi na kugusa mifupa. Daktari alikuwa amemweleza njia mbili. Ya kwanza ni upasuaji wa kuondoa korodani zote mbili, unaofanywa mara moja tu. Ya pili ni sindano ya kila miezi mitatu, inayofanya kazi ile ile bila kisu, ila huendelea na ina gharama yake. Tena akamwambia kwamba huenda mbele akahitaji mionzi huko Nairobi. Kisha akamwuliza, "Mzee, wewe waonaje? Unataka ipi?" Na kwa kuwa watu walikuwa wengi nje, akampa siku ya kurudi.

"Pasta, mwanangu," mzee akaniambia, "mimi nilikwenda kwa daktari ili yeye aniambie. Sasa yeye ananiuliza mimi. Kama aliyesoma hajui, mimi niliyechunga ng'ombe nitajua nini?" Akaigeuzageuza ile bahasha. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ili wa jikoni asisikie, "Nimehasi mafahali wengi sana maishani mwangu. Leo nihasiwe mimi?"

Ndugu zangu, mimi nimepita chuo cha theolojia. Nilifundishwa Kiyunani kidogo, na historia ya Kanisa, na namna ya kubatiza na kuzika. Sikufundishwa la kumjibu mzee huyu. Basi nikafanya lile tufanyalo wachungaji tunapoogopa: nikaomba haraka. Nikamwekea mikono, nikamwambia, "Mzee, usichague ukiwa na mashaka. Omba mpaka upate amani moyoni, nayo amani hiyo itakuonyesha njia." Maneno mazuri, sivyo? Yana sauti ya kiroho. Mzee alinishukuru, akaenda zake na bahasha yake.

Akaingoja amani kwa muda wa miezi minane.

Nami sikuuliza. Nilimwona kila Jumapili katika kiti chake, nikadhani kimya chake ni dalili njema. Siku moja tuliposimama kuikiri Imani, yeye hakuweza kusimama. Nilidhani ni goti. Kumbe ugonjwa ulikuwa umeshuka katika uti wa mgongo, na miguu ilikuwa ikifa ganzi tangu Ijumaa, naye akaficha.

Nitarudi kwake. Lakini kwanza tufungue somo letu.

Paulo yumo kifungoni. Kesi yake haijaamuliwa. Aweza kuachiliwa, aweza kuuawa. Anawaandikia Wafilipi, watu anaowapenda sana, na katikati ya waraka ule wenye furaha nyingi anasema waziwazi kwamba hajui achague lipi. Anavutwa huku, anavutwa huku. Naam, mtume huyu aliyechukuliwa mpaka mbingu ya tatu anakubali mbele ya kanisa zima kwamba amesongwa, na wala haombi radhi kwa hilo. Najua Paulo hakuwa akichagua kati ya sindano na kisu, msiniandikie barua. Ninachowaonyesha ni hiki: kutojua kwake hakuhesabiwi kuwa ni kukosa imani. Nimeusoma mlango huo mara nyingi tangu siku ile mzee aliposhindwa kusimama, wala sioni mahali Paulo anaposema kwamba aliketi akangoja mashaka yaishe. Anajiuliza swali jingine: lipi linawafaa zaidi hawa walio nami? Analijibu kwa kadiri awezavyo, kisha anaendelea na kazi, hali kesi bado iko mahakamani.

Sasa turudi kwa swali la mzee. Kwa nini daktari amwulize mgonjwa? Mimi nami niliona ni uvivu. Lakini daktari mmoja Mkristo alikaa nami mchana mzima akanifafanulia, na tangu hapo nimesoma mwenyewe.

Huko Uingereza, kati ya mwaka 1999 na 2009, wanaume wengi walipimwa damu. Wale 1,643 wenye umri wa miaka 50 hadi 69, ambao saratani yao ilikuwa bado imo ndani ya tezi, walikubali wagawanywe kwa bahati nasibu, kama kura ile ya Matendo ya Mitume sura ya 1. Kundi moja lilipasuliwa, tezi ikatolewa. Kundi la pili lilipigwa mionzi. Kundi la tatu halikutibiwa kwanza, bali lilichunguzwa kwa vipimo mara kwa mara, ili mtu atibiwe pale ugonjwa ukionyesha kuendelea. Wakafuatwa kwa miaka 15, na majibu yakatolewa mwaka 2023. Je, mnadhani wangapi kati ya hao 1,643 walikufa kwa saratani hiyo? Walikuwa 45. Kumi na saba katika kundi la kuchunguzwa, kumi na wawili katika kundi la upasuaji, kumi na sita katika kundi la mionzi. Yaani njia zote tatu zilikaribiana sana.

Lakini hazikulingana katika kila jambo. Katika lile kundi la kuchunguzwa tu, wanaume 51 saratani yao ilienea mwilini, na katika yale makundi mengine ilikuwa 26 na 27. Waliopasuliwa ndio waliopata shida zaidi ya mkojo kuvuja na nguvu za kiume kupotea. Waliopigwa mionzi walisumbuka zaidi na matumbo. Kwa hiyo daktari anapokuuliza, si kwamba hajui kitu. Amekwisha kujua yaliyo katika vitabu, na limebaki swali moja ambalo vitabu haviwezi kulijibu: wewe, kwa maisha yako, waweza kubeba mzigo upi kwa urahisi zaidi? Mmoja atasema, "Mimi siwezi kulala nikijua kitu hicho kimo ndani yangu, kitoeni." Mwingine atasema, "Mimi ni fundi, napanda ngazi kutwa. Mkojo ukinivuja nimekwisha." Wote wawili wamesema kweli. Hakuna aliyekosea mbele za Mungu.

Jambo hili latusumbua waamini kwa sababu tumezoea kudhani kwamba Mungu ameificha njia moja tu iliyo sawa, na nyingine zote ni upotevu, na kazi yetu ni kuotea. La. Pengine Baba anatuwekea njia mbili zinazofaa na kutuambia tupite tutakayo, naye atakwenda nasi.

Hapo nilisema juu ya saratani iliyogunduliwa mapema. Kwetu huku wengi hufika hospitali ikiwa imekwisha kutoka nje ya tezi, kama mzee wangu. Hapo kuchunguza bila kutibu si njia tena. Lakini hata hapo kuna kuchagua, na nitasema wazi kwa sababu redioni hatuonani nyuso.

Mwaka 1941 daktari mmoja wa Chicago, Charles Huggins, alionyesha kwamba saratani hii hulishwa na homoni ya kiume, ambayo sehemu kubwa yake hutengenezwa katika korodani. Ukiukatia chakula hicho, uvimbe hunywea na maumivu ya mifupa hupungua. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Upasuaji ule na sindano ile hufanya jambo moja: kuishusha homoni hiyo. Sikieni vizuri hapa, maana wanaume wengi hukosea. Huchagua sindano wakidhani kwamba itawaachia uume wao kama ulivyokuwa. Haiachi. Muda wote sindano inapofanya kazi, hamu hupungua sawasawa na kwa kisu, joto la ghafla hupanda mwilini kama kwa mama aliyekoma hedhi, mifupa hudhoofika, na unene huja. Wala hakuna iliyoonekana kurefusha maisha kuliko mwenzake. Tofauti iko kwingine. Sindano ikikomeshwa, homoni huweza kurudi. Kisu hakirudishi kitu. Lakini sindano lazima ifuatwe kwa tarehe yake. Basi mtu wa Merti ambaye mvua ikinyesha barabara hukatika, au asiye na uhakika kwamba baada ya miezi mitatu atakuwa na nauli na bei ya dawa, na afikirie hilo kwa uangalifu kabla ya kuamua. Ulizeni pia ni nini kadi ya SHA italipa na nini haitalipa, na mwulize kabla, si baada.

Na ile aibu ya kuhasiwa? Wazee wangu, siichezei. Katika nchi hii ya mifugo tunajua dume ni nini na maksai ni nini. Ila niwaombe mkumbuke mtu mmoja aliyekuwa akisafiri katika gari lake kurudi kusini mwa Misri, katika nchi ambayo Biblia yetu inaiita Kushi, akisoma chuo cha Isaya. Matendo sura ya 8 inamtaja kuwa ni towashi. Hivi ndivyo alivyokuwa mwilini, na kwa sheria ya zamani asingeingia katika kusanyiko la Bwana. Filipo akapanda akaketi naye. Yale maji yalipoonekana kando ya njia, towashi aliuliza kama kuna cha kumzuia asibatizwe. Hakikuwapo. Na kurasa chache tu mbele ya pale alipokuwa akisoma, katika Isaya 56, Mungu anawaahidia matowashi jina ambalo ni bora kuliko kuwa na wana na binti. Malori yanayopita hapa Isiolo kwenda Marsabit na Moyale huvuka mpaka mpaka Uhabeshi, na kila nionapo vumbi lake humkumbuka yule mtu akienda zake akifurahi. Nilichelewa mno kumweleza mzee wangu habari hiyo. Ningalimweleza siku ile ya chai.

Tena chai hiyo ina neno lake. Mzee alipolazwa, mke wake aliniambia nje ya wodi, bila hasira: "Pasta, hamkuniuliza. Ninyi wanaume wawili mlikaa sebuleni mkaomba, nami nilikuwa jikoni. Nilijua tangu zamani. Mimi ndiye ninayefua nguo zake. Ningalimwambia kwamba namtaka yeye. Hayo mengine tumekwisha kuzaa watoto sita, yanatosha." Miezi minane mzee alikuwa akimlinda mkewe na jambo ambalo mkewe alikwisha kulijua, na akiogopa kupoteza kitu ambacho mkewe hakukihitaji. Kwa hiyo mume mwenye bahasha kama ile, usiingie kwa daktari peke yako. Ingia na mama. Na kama mama hayupo, ingia na mwana au ndugu anayejua kusikiliza, achukue kalamu na karatasi, kwa sababu mtu aliyetajiwa saratani husikia neno la kwanza tu. Mengine yote humpita kama upepo.

Na mkiwa mle ndani, ulizeni bila kuona haya. Je, ugonjwa umetoka nje ya tezi au la? Ni mkali au ni wa polepole? Nikingoja miezi mitatu nifikiri, nitapoteza nini? Mkojo wangu utakuwaje, na ndoa yangu? Safari ni ngapi? Mionzi kwa kawaida ni kila siku ya kazi kwa majuma kadhaa, na kutoka Isiolo mpaka Nairobi ni kama kilomita 285. Basi tutalala wapi? Hayo ni maswali ya mtu mzima, na daktari mwema hufurahi kuulizwa. Asiyefurahi, tafuta wa pili. Kutafuta maoni ya pili si kumtukana wa kwanza.

Nina mwingine wa kuwasimulia, mwalimu mstaafu, yu hai na amenicheka aliposikia nitasema habari zake redioni. Yake iligunduliwa mapema, ndogo, ya polepole. Daktari akamshauri asitibiwe bado: achunguzwe damu kila miezi sita, na baada ya muda atolewe tena vipande vya nyama vitazamwe. Watu wakadhani huyu ndiye mwenye bahati. Lakini hakulala. "Pasta," akasema, "nina nyoka ndani ya nyumba, nao wananiambia nimtazame." Watoto wake wa Nairobi wakataka apasuliwe juma lile lile. Shemeji yake akaleta chupa ya mizizi. Kuna na mhubiri mmoja aliyemwambia kwamba kupima tena ni kukosa imani. (Huyo nilitamani kumwuliza kwa nini Isaya, baada ya maombi ya Hezekia, aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu.)

Safari hii sikukimbilia kuomba. Niliketi. Nikakumbuka jinsi wafugaji wanavyofanya ukame ukiingia. Hakuna mfugaji ajuaye kwa hakika mvua imenyesha wapi. Asipohama, mifugo itakufa. Akihama vibaya, itakufa njiani. Basi hutuma vijana wawili watatu watangulie kuangalia majani na maji, naye hungoja habari. Huko kungoja kwake si uvivu. Ametuma macho yake mbele. Yule asiyetuma mtu, anayelala chini ya mti akisema Mungu anajua, naye anangoja, lakini kungoja kwake ni kwa namna nyingine kabisa. Mwalimu anangoja kwa namna ya kwanza. Mzee wangu mwenye bahasha, kwa kosa langu, aliwekwa katika ya pili, na mimi nikaibariki.

Tulikubaliana na mwalimu na mkewe mambo mawili. Kwanza wamwulize daktari, "Ni jambo gani likionekana ndipo tubadilishe njia?" Wakapewa jibu, wakaliandika nyuma ya kalenda. Pili, hofu ikaandikiwa siku zake. Juma la kupimwa ana ruhusa ya kuhangaika, na mimi huenda kukaa naye mpaka majibu yaje. Majuma mengine anapanda miche, anawafundisha vijana wa Kipaimara. Sasa ni mwaka wa tatu. Usiniulize kama hofu imekwisha. Haijaisha. Mwezi wa saba alinipigia simu usiku wa manane, nikaenda.

Wako watu wakubwa waliolisema jambo hili mbele ya ulimwengu, nami nawashukuru. Askofu Mkuu Desmond Tutu, Mwanglikana mwenzetu, aligunduliwa mwaka 1997, akaishi mpaka Desemba 2021, umri wa miaka 90. Mzee Nelson Mandela aligunduliwa mwaka 2001, akapigwa mionzi, akaishi mpaka 2013. Hapa kwetu Profesa Anyang' Nyong'o, akiwa Waziri wa Huduma za Matibabu, alieleza hadharani mwaka 2011 kwamba ameugua saratani hii. Mtanijibu kwamba hao walikuwa na milango mingi iliyofunguliwa ambayo yetu imefungwa. Ni kweli, na siku nyingine nitasema juu ya milango hiyo kwa ukali zaidi. Lakini kusema hadharani hakuna ada ya hospitali. Katika chama chetu cha wanaume, KAMA, tulipoanza kulitaja jambo hili, mkutano wa kwanza walikuja watano, wakatazama sakafu. Mkutano wa tatu mmoja alisimama akasema, "Mimi nina miaka minne na sindano." Kumbe alikuwa akiketi safu moja na mzee wangu, kila Jumapili, ile miezi minane yote.

Nilisema nitarudi kwa mzee. Usiku ule tulimkimbiza hospitali kwa gari la jirani. Nanyi mnaosikiliza, mkiwa na ugonjwa huu kisha miguu ikaanza kufa ganzi au kulegea, au mkojo ukakataa kabisa kutoka, msingoje Jumatatu wala msingoje kasisi. Nendeni siku hiyo hiyo. Mzee alisaini karatasi ya upasuaji kwa mkono wake, mkewe akiwa amemshika bega. Baadaye akapelekwa kupigwa mionzi ya mgongo. Miguu ilirudi, lakini si yote. Alitembea kwa mkongojo, akaishi miaka miwili na miezi kadhaa, akawaona wajukuu wawili wakibatizwa. Sijui miezi ile minane ingalimwongezea nini. Daktari naye alikataa kunikadiria, nami sikumlazimisha.

Nilikwenda kumwomba msamaha. Alikuwa ameketi nje kwa mkeka, jua la jioni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ile amani uliyoniambia niingoje, nilikuwa nikiitafuta kila asubuhi kama mtu aliyepoteza mbuzi. Usiku ule baada ya kusaini, nililala." Akaita jikoni iletwe chai.

Natuombe.

Baba wa rehema, asubuhi hii yuko mtu aliyeshika bahasha, naye hajamwonyesha mtu. Wewe wamjua. Mpe leo mtu mmoja wa kumwonyesha. Wabariki madaktari na wauguzi wa hapa Isiolo, wa Meru na wa Nairobi, uwape subira na muda wa kuulizwa. Uwaangalie walio njiani kwenda kwenye mionzi na wasiojua watalala wapi. Utusamehe sisi wachungaji tulioomba haraka. Na yule atakayeingia leo katika chumba cha daktari na kuulizwa ataka lipi, ingia pamoja naye. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.